Studio ya chumbani: kompyuta ya mtumba, maiki moja na godoro

Nina mwaka na nusu narekodi nyumbani, Mbagala, kwenye chumba cha mita 3 kwa 3 chini ya bati. Wanaokuja ni waimbaji wa kwaya, vijana wa bongo fleva wenye biti zao kwenye flashi, na mama mkubwa wangu, ambaye ndiye aliyenifanya nianze. Kila mara kuna mtu ananiuliza anunue nini, na wengi wanauliza hela ikiwa tayari mfukoni, wameshaamua kupita njia ileile iliyonipoteza mimi.

Kilichonipoteza kwanza ni kompyuta. Niliuziwa Kariakoo mashine yenye stika ya Core i7, aina ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, nikaamini i7 lazima iishinde i5. Nyumbani ndipo nikagundua ni ya kizazi cha pili, RAM ya GB 4, na diski ya zamani ile inayozunguka. Nilipofika treki ya nne, yaani sauti ya nne iliyorekodiwa peke yake, sauti ikawa inakatika kama redio iliyo mbali na mnara. Kesho yake niliirudisha, muuzaji akanijibu, "Kaka, kitu kikishatoka dukani kimetoka." Nikaiuza kwa hasara kwa mtu wa steshenari, na kwake inachapa barua vizuri hadi leo.

Kwa hiyo achana na stika, soma namba ya prosesa. Kwenye i5-8350U, ile 8 baada ya kistari ndiyo kizazi. Ukikuta i5-10210U, hicho ni kizazi cha kumi. Mimi sishuki chini ya kizazi cha nane, kwa sababu mbili. Kwanza, hapo ndipo i5 za kompyuta mpakato nyembamba zilipotoka kori mbili zikaenda nne (kori ni kama mikono ya kufanyia kazi ndani ya prosesa), na kwenye kumiksi, yaani kuchanganya na kusawazisha sauti zote, tofauti unaiona siku hiyo hiyo. Pili, Windows 11 inaanzia hapo, na Windows 10 imeacha kuhudumiwa tangu Oktoba 2025. Mashine niliyonayo sasa ni ThinkPad T480 ya mtumba. Nilikuta RAM ya GB 8 na SSD, diski ya kisasa isiyozunguka. Ndani ina nafasi mbili za RAM, nikaongeza nyingine ya GB 8 mwenyewe kwa bisibisi. Natumia REAPER, programu nyepesi ya kurekodi na kumiksi unayoipakua kwa bando dogo, unaijaribu bure siku 60, kisha leseni ya watu wa kipato kidogo ni dola 60. Nyimbo za kwaya zenye treki 20 na zaidi, kila moja na kompresa yake ya kusawazisha sauti kubwa na ndogo, zinapita bila kukwama. Nikirekodi naweka bafa, kile kipande cha sauti ambacho kompyuta inakichakata kwa mkupuo, kwenye 128, mwimbaji ajisikie papo hapo. Nikimiksi naipandisha hadi 512 mashine ipumue. Wi-Fi naizima kabisa, maana ilikuwa inaleta mikwaruzo katikati ya ubeti.

Saundi kadi yangu, kile kisanduku cha kuingiza sauti ya maiki na gitaa kwenye kompyuta, ni Focusrite Scarlett Solo ya kizazi cha tatu. Inapata umeme wake kwenye waya wa USB, na hilo kwangu lina thamani kuliko sifa zote zilizoandikwa kwenye boksi. T480 ina betri mbili, moja ndani na moja ya kuchomoa nyuma. Umeme ukikatika, kompyuta, saundi kadi na maiki vyote vinaendelea, na mwimbaji hajui kama taa ya sebuleni imezimika. Halafu kuna jambo nililolivumbua kwa mateso: nyumba nyingi za huku soketi hazina waya wa ethi, ule unaopeleka umeme ardhini. Nikichomeka gitaa huku chaja iko ukutani, kuna mvumo kama wa nyuki chini ya kila noti. Nilibadilisha waya mara tatu nikidhani ni gitaa. Siku nilipoichomoa chaja kwa bahati, mvumo ukanyamaza hapo hapo. Sasa gitaa lote narekodi kwa betri. Ndiyo maana anayeniuliza kati ya kompyuta ya mezani na ya kubeba, kwa studio ya chumbani namwambia ya kubeba, hata kama ya mezani ina nguvu zaidi kwa bei ileile.

Maiki nayo ina hadithi yake. Kila mtu aliniambia studio ni kondensa, maiki inayonasa hata sauti ndogo sana, nami nikaazima Audio-Technica AT2020. Ni maiki nzuri mno, sina neno nayo. Nikabonyeza kitufe cha 48V kinachoipa kondensa umeme, mama mkubwa akaimba wimbo wa Pasaka macho yamefumba, na beti mbili za kwanza zilinisisimua. Kisha tukasikiliza. Bajaji ilikuwemo ikipiga gia kwenye kona, mafuta ya vitumbua ya jirani yalikuwemo, na kwenye neno "kaburi" jogoo alikuwemo kabisa. Mama akavua hedifoni, akaniangalia. "Baba, na huyu jogoo tumlipe?"

Chumba changu hakiwezi kondensa, basi. Nilinunua Shure SM58, maiki ya dainamiki, ya jukwaani. Mwimbaji akiisogelea vidole vinne, inamchukua yeye, na kelele za nyuma zinabaki mbali sana. Lakini SM58 za bandia zimejaa sokoni. Ya kweli ina gramu 298, na nyingi za bandia ni nyepesi. Nilimwomba mama mmoja muuza viungo anipimie kwenye mizani yake, tena nikiwa na muuzaji wa maiki pembeni, ya kwanza ikakataa, ya pili ikakubali. Uzito peke yake hautoshi, kwa hiyo niliichomeka pia na kuisikiliza kabla ya kutoa hela. Ubaya wake ni kwamba inataka geini kubwa, yaani kukuzwa sana. Kwa mwimbaji mwenye sauti ya chini naizungusha nobu karibu hadi mwisho, na hapo kamlio kembamba ka "shshsh" kanaingia. Kwa waimbaji wa kwaya sijawahi kuhitaji kufika huko.

Kuhusu trei za mayai, tafadhali msinunue. Nilibandika ukuta mzima. Jirani aliendelea kutusikia kama kawaida, nikipiga makofi bado kulikuwa na mlio wa bati, nilichopata ni mende na karatasi kavu inayongoja cheche. Nilizibandua zote. Nikasimamisha godoro la sponji nyuma ya mwimbaji, siyo nyuma ya maiki, kwa sababu maiki inasikiliza mbele, na mwangwi unaoiudhi ni ule unaorudi kutoka ukuta ulio mgongoni kwa anayeimba. Blanketi mbili nzito nikazitundika kwenye kamba pembeni. Makofi yakawa makavu. Feni inazimwa wakati wa kurekodi, na kompyuta inakaa sakafuni mita mbili kutoka kwenye maiki, maana T480 ikipata joto feni yake inasikika. Mvua ikianza kwenye bati tunaacha, tunanywa chai. Kwa hilo sijapata dawa.

Spika za studio sijanunua. Hedifoni ni ATH-M40x, zinafunika sikio lote, biti haivuji kwenda kwenye maiki. Miksi ikiisha naisikiliza kwenye simu, kisha kwenye redio ndogo ya jikoni. Besi ikipotea kwenye redio, narudi kazini.

Kama ningeanza upya kuna kitu kimoja ningebadili: ningeongeza hela nichukue Scarlett 2i2. Solo ina tundu moja tu la maiki. Mama mkubwa na mwenzake wa sauti ya pili hawawezi kuimba kila mmoja kwa wakati wake, wanavutana pumzi, mmoja akisubiri mwenzake amalize kushuka. Kwa sasa wanasimama bega kwa bega mbele ya maiki moja, na mwenye sauti kubwa namrudisha nyuma hatua moja.