Mfuko wa msaada kwa wanaolala nje: kinachofaa na kisichofaa ndani yake

Mfuko huu huuzwa ukiwa tayari umefungwa. Unanunua kumi au hamsini, unauweka kwenye buti ya gari au kwenye begi, na ukimkuta mtu amelala kando ya barabara unamkabidhi mmoja. Watengenezaji ni wengi, lakini vilivyomo havipishani sana: jozi ya soksi, sabuni, mswaki na dawa ya meno, wembe, chupa ndogo ya sanitaiza, tishu zenye unyevu, blanketi la foili, kitu cha kutafuna, na kadi yenye namba za simu. Hapa tunavipima kwa upande wa anayepokea, kwa sababu karibu kila kitu humo kimechaguliwa kwa kumfikiria anayetoa.

Soksi ndizo zenye thamani kuliko vyote, na ndizo zinazoharibiwa kwa kubana matumizi. Anayelala nje hukaa na viatu miguuni mchana kutwa na mara nyingi usiku kucha, kwa kuhofia kuibiwa. Mguu ukilowa na usipate nafasi ya kukauka, ngozi hupauka, hukunjamana, huingia ganzi, kisha huchubuka na kupasuka. Si lazima iwe baridi kali. Hata kwenye nyuzi 16 za Selsiasi hilo hutokea. Soksi za pamba, ambazo ndizo zimejaa kwenye mifuko hii, hunywa jasho na maji na kukaa nayo. Sufu au nyuzi za sintetiki ni bora zaidi. Halafu jozi moja ni sawa na nusu ya msaada: zinatakiwa mbili, moja ivaliwe na nyingine ikauke. Angalia pia mpira wa juu. Mtu anayelala ameketi huvimba miguu, na ile "saizi moja kwa wote" humkata kwenye kifundo. Chagua zenye mpira uliolegea.

Blanketi la foili linavutia kwa sababu linakunjwa likaenea kiganjani. Teknolojia yake ilitoka NASA, shirika la anga za juu la Marekani, katika miaka ya 1960: ni plastiki nyembamba iliyopakwa alumini, nayo hurudisha mwilini joto linalosambaa hewani. Kwa kumfunika mgonjwa anayesubiri ambulensi, hakuna ubishi, linafaa. Kwa kulalia ni jambo jingine. Joto jingi la mtu aliyelala hunyonywa na sakafu iliyo chini yake, na foili haina unene wowote wa kuzuia hilo. Jasho nalo halipati pa kutokea, kwa hiyo ikifika alfajiri, saa ambayo baridi ni kali zaidi, nguo zimeshakuwa mbichi. Zaidi ya hapo, linang'aa na linachakarika kila mtu anapojigeuza, ilhali anayelala nje anataka asionekane wala asisikike. Mkeka wa sponji usionyonya maji, wenye unene wa sentimita moja hivi, ukiwekwa chini ya mwili unasaidia kuliko foili mbili juu yake. Hata maboksi makavu yaliyopangwa tabaka kadhaa ni afadhali.

Vitu vya usafi ni vya kawaida tu. Sabuni ya kipande bila kasha lake huchafua kila kitu ikishalowa, na haina kazi pale ambapo hakuna bomba. Tishu zenye unyevu ndizo zitakazotumika, mradi pakiti iwe na kifuniko kinachojifunga, la sivyo zinakauka. Wembe unafaa kwa wengine, lakini nyumba nyingi za hifadhi hukagua mizigo mlangoni na kunyang'anya vyenye makali. Dawa ya kusukutua iwe isiyo na alikoholi, kwa sababu kuna watakaoipokea wakiwa wanapambana na ulevi. Kasoro kubwa ni kile kisichokuwemo: mifuko mingi haina pedi kabisa, kana kwamba wanaolala nje ni wanaume watupu.

Chakula kilichomo huwa kigumu, kitamu mno, au vyote viwili. Wengi wana meno mabovu na wengine wana kisukari. Kikikaa wiki kadhaa na sabuni kwenye mfuko mmoja, hata kilichofungwa huanza kunuka sabuni. Tungependa chakula kitolewe kabisa humo na kiandaliwe siku ile ile.

Kadi ya huduma ndiyo inayochakaa kwanza. Namba hubadilika, ofisi huhama, na mfuko bado uko ghalani. Nyingi zina namba ya simu peke yake, wakati mpokeaji huenda hana simu au haina chaji. Kadi yenye manufaa inaeleza mahali pa kwenda kwa miguu, saa za kufungua, na kama wanapokea wanawake, wenza au mwenye mbwa. Iandikwe kwa herufi kubwa, na uwe umeihakikisha mwenyewe mwezi huo. Na tafadhali, usinunue mfuko wenyewe ukiwa wa plastiki inayoonyesha ndani au umechapwa maneno ya "msaada kwa wasio na makazi". Wa kwanza unawaita wezi, wa pili unamtangaza mtu.

Lakini kasoro iliyo nzito kuliko zote haimo ndani ya mfuko. Mwaka 2006 Lasana Harris na Susan Fiske, watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, walipima ubongo wa watu waliokuwa wakitazama picha. Walipofika kwenye picha za wasio na makazi, sehemu ya ubongo ambayo huchangamka tunapomfikiria binadamu mwenzetu ilichangamka kidogo kuliko kawaida. Katika utafiti wa 2007 waliwauliza washiriki kama mtu aliye pichani angependa mboga fulani. Swali dogo hilo la kukisia mapendeleo ya mtu likaiamsha sehemu ile ile. Sasa mfuko uliokwisha kufungwa unaliondoa swali hilo hilo. Hujui kama anahitaji soksi, hukumuuliza, na unaweza kuutoa kupitia dirisha la gari bila kumtazama usoni.

Kwa hiyo ukinunua, ufungue. Vitu vikae wazi kwenye begi lako ili achague mwenyewe. Msogelee kutoka upande anaoweza kukuona, simama hatua mbili tatu, usimzibie njia ya kuondokea. Chuchumaa ili macho yenu yawe usawa mmoja, msalimie kama unavyomsalimia mtu yeyote wa umri wake, kisha muulize: "Leo unahitaji nini?" Akikataa, mshukuru na uende. Usimpige picha. Aliyelala kwa amani usimwamshe. Lakini kama anapumua kwa shida, midomo imebadilika rangi, au haitikii unapomwita, piga simu ya dharura mara moja. Mtu aliyekuwa akitetemeka kwa baridi akaacha bila kupata joto hajapata nafuu, amezidiwa.

Pia linganisha na mahali pengine ambapo fedha yako ingekwenda. Huko Vancouver, Kanada, watu 50 wasio na makazi walipewa dola 7,500 za nchi hiyo kila mmoja bila masharti. Matokeo yaliyochapishwa 2023 yalionyesha kwamba ndani ya mwaka mmoja, kwa wastani, siku zao za kukosa makazi zilikuwa 99 pungufu kuliko za wale ambao hawakupewa, na matumizi ya pombe, sigara na dawa za kulevya hayakupanda. Washiriki walikuwa wamechujwa, wenye uraibu mkali hawakuingizwa, kwa hiyo tusiyanyooshe matokeo hayo kwa kila mtu. Kwa walio na hali ngumu zaidi kuna njia ya kumpa mtu nyumba kwanza, kisha matibabu na ushauri vifuate akiwa tayari chini ya paa lake. Mwanasaikolojia Sam Tsemberis aliianzisha New York mwaka 1992, na Ufini ikaifanya sera ya taifa kuanzia 2008.

Tunaupa mfuko huu nyota mbili kati ya tano. Zote mbili ni za soksi na tishu. Mtu mmoja mmoja atafanya vizuri kununua vitu hivyo rejareja: jozi mbili za soksi, tishu, pedi, na mfuko mdogo usiopitisha maji wa kuhifadhia kitambulisho na vyeti, maana vikishalowa au kupotea, foleni ya kuomba nyumba huanza upya. Vikundi vinavyonunua kwa wingi vimwombe muuzaji maboksi ya kitu kimoja kimoja badala ya mifuko iliyofungwa. Wengi hukubali, na soksi zilizobaki msimu huu zitatumika msimu ujao.