Vidonge vya kusafishia mashine ya kufulia: nani anavihitaji, nani anapoteza hela

Haya, karibuni tena. Hapa mezani nina paketi tatu za vidonge vya kusafishia mashine ya kufulia. Mmeniuliza sana: ni dawa kweli, au tunauziwa povu? Majina ya kampuni nimeyabandikia karatasi, maana nikizigeuza naona paketi mbili zina viambato vinavyokaribia kufanana, na ya tatu haivitaji; kinachotofautiana zaidi ni rangi na manukato. Kwa hiyo leo tunachambua kidonge chenyewe, awe amekitengeneza nani.

Kiambato kikuu ni sodiamu pakaboneti. Ni unga mweupe ambao ukiingia majini unaachia haidrojeni peroksaidi, takriban theluthi moja ya uzito wake, na kinachobaki ni magadi. Peroksaidi ndiyo inayoshambulia bakteria na kuvu, na kuulegeza ule utando unaoteleza ndani ya mashine. Halafu kuna asidi ya sitriki kidogo, sabuni kidogo na manukato. Basi. Hakuna siri nyingine humo.

Sasa angalieni hapa, ngoja nisogeze kamera. Glasi ya kushoto ina maji baridi ya bomba, ya kulia ina maji ya moto, kama nyuzi 60 hivi. Nimekivunja kidonge, nusu huku, nusu kule. Mnasikia hiyo chrrrr? Zote mbili zinafoka, na hapo ndipo mtu anapojisemea, “Naam, dawa imeanza kazi.” Bado. Mapovu haya ya mwanzo ni gesi ya kaboni dayoksaidi tu, asidi imekutana na magadi. Yanasaidia kukisambaratisha kidonge, hayasafishi.

Tusubiri yatulie. Sasa tazama glasi ya baridi: kimya, na chini kuna unga umejikalia. Ya moto imepoa kidogo lakini bado inapandisha viputo vidogo vidogo kutoka chini, mfululizo, kama soda iliyofunguliwa sasa hivi. Hiyo ndiyo oksijeni, na hiyo ndiyo kazi uliyoilipia. Ukikitumbukiza kidonge kwenye mzunguko wa maji baridi, sehemu kubwa inatoka na maji machafu kabla haijaamka. Baadhi ya watengenezaji huongeza kiamshi kinachoitwa TAED ili dawa iamke hata kwenye nyuzi 30 au 40. Kitafute kwenye orodha ya viambato. Kati ya hizi tatu, ni paketi moja tu iliyokitaja.

Hapa wenye mashine za kufungulia juu, na zile za matangi mawili, mnisikilize vizuri. Nyingi kati ya hizo hazina hita. Zinatumia maji kama yalivyokuja kwenye bomba. Kwa hiyo ukitaka kidonge kifanye kazi, jaza maji ya moto mwenyewe, yasiwe ya kuchemka, acha mashine izungushe dakika chache, izime, iache iloweke kama saa moja, kisha umalizie mzunguko. Na wenye mashine za kufungulia mbele, ambazo zina hita, chagueni nyuzi 60 au mzunguko wa kusafisha dramu (lile pipa la ndani linalozunguka), bila nguo. Nusu saa ikishapita, gusa kioo cha mlango kwa nje. Kikiwa bado baridi, tatizo lako si uchafu. Hita imekufa, au kihisi cha joto, au waya umekatika mahali. Fundi ataipima hita kwa mita: ya wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230 inatakiwa isome kama omu 26. Isiposoma kitu, imekatika, na vidonge hata ukimwaga paketi nzima havitafufua hita.

Turudi kwenye harufu, maana ndiyo inayowafanya watu wanunue. Harufu ya mashine mara nyingi ni ya kujitakia. Tunafua kwa maji baridi, kwa sabuni ya maji, tunamimina kilainishi cha nguo bila kipimo, tukimaliza tunafunga mlango tii. Mafuta ya mwili, mabaki ya sabuni na kilainishi yanagandiana nyuma ya dramu, mahali ambapo jicho halifiki, na bakteria wanapata makazi. Sabuni ya maji kwa kawaida haina dawa ya kung'arisha kabisa. Sabuni ya unga ya nguo nyeupe, ile nzito, mara nyingi ina pakaboneti hiyo hiyo iliyomo kwenye kidonge. Umeona inakoelekea? Mtu anayefua mashuka na taulo kwa unga huo kwenye nyuzi 60 kila baada ya muda tayari anaisafisha mashine yake, na vidonge hivi kwake ni anasa.

Na kidonge hakisugui. Njoo karibu hapa kwenye mpira wa mlango. Nauvuta huu mkunjo wa chini... mnaona? Soksi ya mtoto imebaki huku, nywele, na uji wa kijivu. Kidonge kimepita humu jana na huu uji haukuondoka, kwa sababu maji hayapiti hapa kwa nguvu. Hapa ni kitambaa na kidole. Droo ya sabuni vilevile: ichomoe yote, isugue kwa mswaki wa zamani, na usisahau paa la lile tundu inamokaa, kule juu maji yanakotokea. Kuvu hupenda sana pale.

Sasa chujio. Jamani, chujio. Kwenye mashine nyingi za kufungulia mbele liko chini, kona moja, nyuma ya kifuniko kidogo. Kabla ya yote chomoa waya wa umeme ukutani, na kama umetoka kufua kwa moto, subiri maji yapoe. Weka sinia bapa chini. Kama kuna kimrija pembeni, kivute, toa kizibo, mwaga maji mpaka yaishe. Ndipo ufungue chujio taratibu kuelekea kushoto. Kwenye hili la leo nimetoa kifungo, pini ya nywele na fundo la nyuzi lililobana kama kamba. Mashine haikuwa ikikamua vizuri kwa sababu hiyo, maana ikishindwa kutoa maji haitaki kuzunguka kwa kasi. Hapo ndipo wengine wanapoambiwa pampu imekufa.

Ukishatoa chujio, mulika ndani. Utaona kipanga kidogo cha pampu, kile kifeni kinachosukuma maji. Kizungushe kwa kidole. Kitakuwa kinarukaruka, kinakwama kidogo kisha kinaachia. Usishtuke ukadhani kimevunjika: ndani kuna sumaku, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Cha kutafuta ni uzi au unywele uliojisokota kwenye shingo yake. Ukirudisha chujio, futa kwanza ule mpira wa duara na zile nyuzi za kukazia, kwa sababu punje moja ya mchanga inatosha kufanya maji yavuje sakafuni. Kidonge hakifiki huku, na kingefika hakiyeyushi pini.

Paketi mbili kati ya hizi zinajisifu kuondoa kuvu na ukoko wa chokaa kwa mpigo. Hapo mimi natia shaka. Kuondoa chokaa kunataka asidi. Kuula uchafu wa mafuta kunataka magadi. Ukivitia pamoja kwenye kidonge kimoja, vinauana, ndiyo ile chrrrr mliyoisikia. Inabaki chumvi ya sitriki inayosaidia kushika madini yaliyomo majini, lakini ukoko ulioganda kwenye hita hautikisiki sana. Kwa hiyo kama maji yako ni magumu, yaani yana chokaa nyingi, shughulikia chokaa siku yake: asidi ya sitriki peke yake, dramu tupu, joto la wastani. Usiipandishe sana joto, maana kalisi, yale madini ya chokaa, ikiungana na hiyo asidi huganda upya maji yakiwa moto mno. Fuata kipimo cha kitabu cha mashine, na usiifanye mazoea, asidi si rafiki wa mpira wala wa chuma. Wale wa siki na magadi ya kuokea pamoja, mnafoka tu, ni ile ile hadithi ya kuuana.

Lakini hili nalisema kwa sauti: jiki au dawa yoyote ya klorini usiichanganye na siki, asidi ya sitriki wala vidonge hivi. Klorini ikikutana na asidi inatoa gesi ya sumu, na wewe umeinamia dramu. Chagua moja, suuza mashine kwa mzunguko mzima, ndipo ufikirie nyingine. Pia usiloweke kidonge kwenye chupa ukafunga kifuniko ukitunza cha kesho. Oksijeni inaendelea kutoka na chupa inaweza kupasuka. Na watoto waviona vidonge hivi ni peremende, viweke juu.

Mmeuliza kama unaweza kukitumia kwenye mashine ya kuosha vyombo. Hapana. Kina sabuni ya kutoa povu, na ile mashine haipatani na povu. Yenyewe toa chujio lake la chini, litie chini ya bomba, halafu chokonoa vitundu vya mikono inayorusha maji kwa kijiti cha meno. Vyombo vikitoka na ukungu mweupe, angalia kwanza kama tangi lake la chumvi limeisha, kabla hujalaumu sabuni.

Mashine ya kukaushia haina cha kidonge. Ni kutoa manyoya ya nguo kwenye chujio kila ukimaliza kukausha, bila kusubiri, kwa sababu manyoya yale yanashika moto. Mnaotumia vile vikaratasi vya manukato, mimina maji juu ya wavu wa chujio. Maji yakikaa juu kama kwenye jani badala ya kupita, utando wa nta umeziba wavu. Usugue kwa brashi na sabuni, uukaushe, uurudishe.

Sasa alama. Kama unafua baridi muda wote na mashine inanuka, kidonge kinafaa, napa saba kwa kumi, mradi ukitumie kwa maji ya moto. Kama una unga mzuri wa nguo nyeupe na mzunguko wa nyuzi 60, nne. Kama mashine haitoi maji, sifuri, nenda kwenye chujio. Na paketi hii ya tatu, ambayo nyuma imeandika tu “viambato hai” bila kutaja hata kimoja, siipi alama. Hiyo iacheni rafuni.