TI-84 Plus CE Python: niliinunua kwa ajili ya Python, nimeishia kwenye BASIC

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo tupo Kirumba, Mwanza, kule nyuma mnakoona watu wanabishana bei ndiyo soko la samaki la Mwaloni kwenyewe. Upepo wa ziwa ukiingia kwenye maiki mnisamehe. Video iliyopita mlinisema sana, nikanunua kile kisponji cha kufunika maiki, na huyu dogo anayeshika kamera kakiacha nyumbani juu ya friji. Unacheka nini wewe? Shika kamera.

Haya. Mkononi hapa nina kikokotoo. Tulieni, sio kile cha mafao ya wastaafu, hicho sikigusi. Hiki ni cha grafu, Texas Instruments TI-84 Plus CE, toleo la Python, lililotoka 2021. Skrini ya rangi, grafu, takwimu, matriksi, hayo mnayajua. Swali lililojaa kwenye maoni yenu ni moja tu: nikikipata, niandikie programu kwa lugha gani, Python au BASIC, ile lugha yake ya asili?

Wiki tatu zilizopita ningekujibu Python bila kuvuta pumzi. Ndiyo sababu nilinunua toleo hili badala ya lile la kawaida. Python utaitumia kesho kwenye kompyuta, utaombea kazi, lakini BASIC ya kikokotoo ukitoka nayo nje ya kikokotoo haina pa kwenda. Halafu kuna kasi. Nilikipa kazi ya kutafuta namba tasa zote chini ya 1000, kwa njia ile ya kijinga ya kugawanya kwa kila namba. Python ikamaliza nikiwa bado nakitazama. BASIC niliiacha inasaga, nikaenda kumimina chai, nikarudi, bado inasaga.

Kwa hiyo Python imeshinda, tufunge video? Hapana. Sogeza kamera hapa kwenye vitufe, dogo, karibu zaidi.

Mnaona? Hakuna kibodi. Herufi zimepangwa A, B, C, D juu ya vitufe vya hesabu, na kila herufi mpaka uite ALPHA. Sasa andika Python hapo. Nukta mbili, mabano, nafasi za mwanzo wa mstari, herufi ndogo, herufi kubwa. Menyu zinasaidia kidogo, lakini mstari mmoja unakula dakika, na ukikosea nafasi moja programu inagoma.

BASIC yake haiko hivyo, na hapa ndipo nilipolainika. Neno zima la amri ni kitu kimoja. Unabonyeza PRGM, unachagua Disp, amri ya kuonyesha jibu, neno lote linaingia kwa mpigo, na kwenye kumbukumbu linahifadhiwa kama alama moja, sio herufi nne. Mabano ya mwisho wa mstari hata usipoyafunga haikununii. Lugha hii ilitengenezewa vitufe hivi hivi. Python imekuja kama mgeni mwenye suti, anauliza meza iko wapi.

Ngoja niwaonyeshe, msiniamini kwa maneno. Hapa tulipo kila mtu anaishi kwa mwezi. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi nyingi za sola. Mwezi ukiwaka sana dagaa hawaifuati taa, watu wanakaa nchi kavu. Kwa hiyo nataka programu ya umri wa mwezi: unaipa tarehe, inakwambia mwezi una siku ngapi. Mzunguko ni siku 29.53, na tunajua mwezi uliandama tarehe 6 Januari 2000. Hesabu siku tangu hapo, gawa kwa 29.53, chukua kinachobaki baada ya nukta, zidisha tena kwa 29.53.

Kwa Python nilianza kwa kujiamini kabisa. Nikaita datetime, ile moduli ya tarehe. Haipo! Hii ni Python iliyopunguzwa, inakaa kwenye chipu yake ya pembeni ya ARM yenye RAM ya KB 32 tu, haiwezi kubeba mizigo yote ya kwenye kompyuta. Ikabidi niandike mwenyewe fomula ya kuhesabu siku, miaka mirefu na mifupi, yote kwa kile kidude cha ALPHA. Ilinichukua jioni nzima. Ilifanya kazi, sikatai.

Sasa BASIC. Angalieni, sikati video. Mstari wa kwanza, Input "TAREHE", koma, T. Mstari wa pili, naingia APPS, Finance, nashuka mpaka karibu na mwisho wa orodha, kuna kitu kinaitwa dbd. Kimekaa kwenye mambo ya riba za benki, nani angekitafuta huko? Kazi yake ni kuhesabu siku kati ya tarehe mbili. Naandika dbd(601,T), 601 maana yake tarehe 6 mwezi wa 1 mwaka 00, natuma kwenye D. Mstari wa tatu, 29.53*fPart(D/29.53), fPart ndiyo inayochukua kilicho baada ya nukta, natuma kwenye M. Wa nne, Disp M. Nimemaliza. Mistari minne, dogo shahidi.

Leo ni tarehe 3 Machi 2026, kwa hiyo naingiza 303.26. Inasema 14.81. Katikati kabisa ya mzunguko, yaani mwezi mpevu. Na ndiyo maana baba mdogo yupo pale amekaa juu ya jiwe anashona wavu badala ya kulala ajiandae na usiku. Baba mdogo, shikamoo! Njoo uone.

"Marahaba. Hiyo kumi na nne naijua bila mashine. Iniambie giza linaingia lini."

Mnaona, mteja wa kwanza na tayari ana lalamiko. Sawa, naongeza mstari, Disp 29.53-M. Inasema 14.72, baba, wiki mbili na kidogo.

"Hapana, wewe unangoja mwezi ufe. Sisi siku nne tano baada ya mpevu tunaingia, mwezi unachelewa kutoka, saa za mwanzo giza lipo."

Hilo nilikuwa silijui kabisa. Basi nafuta 29.53, naweka 19. Disp 19-M, inasema 4.19. Siku nne. Ameitikia kwa kichwa, rekodini hiyo, huyu mzee hasifii mtu ovyo. Ikitoa hasi, giza tayari. Ina kasoro, mwezi ukiandama upya itasema zimebaki siku 19 wakati watu wako ziwani wanavuta nyavu, nitaweka If, amri ya masharti, hapo baadaye. Lakini mmeona nilichofanya? Nimesahihisha programu nimesimama, jua linapiga, sina laptopu, mtu ananisubiri. Kwa Python ningemwambia baba mdogo arudi kesho.

Mtaniuliza C. C na asembli ndiyo lugha za wanaotaka gemu za kukimbia, maana zinaongea moja kwa moja na prosesa ya eZ80, ubongo wa kikokotoo. Lakini lazima uwe na kompyuta ya kuandikia, halafu mwaka 2020 Texas Instruments waliondoa ruhusa ya programu za asembli kwenye mfumo wao. Wapenzi wa vikokotoo wakatengeneza njia ya kuzunguka inayoitwa arTIfiCE. Kama ndiyo kwanza unaanza, pita mbali.

Washindani? Casio ndio waliotoa kikokotoo cha kwanza cha grafu, fx-7000G, 1985, nafasi ya programu ilikuwa baiti 422. Soma tena, baiti, na watu walikitumia. Leo fx-9750GIII yao ina BASIC yake na MicroPython pia, yaani Python iliyopunguzwa, na inatumia betri ndogo za AAA ambazo hata dukani Igoma unazipata. Hiki changu kinachajiwa kwa mini-USB, ule waya wa kamera za zamani. 2021! Nimezunguka Makoroboi nusu siku kuutafuta. Na kwa asiye na hela kabisa, NumWorks ya Wafaransa ina programu ya bure ya simu yenye Python ndani. Ijaribu hiyo kabla hujatoa hata mia.

Bei sasa. Changu ni mkono wa pili, laki mbili na themanini, na muuzaji alianzia laki nne. Wanafunzi wa kidato cha sita, msiwadanganye wazazi: kwenye mtihani wa taifa wa Hisabati vinaruhusiwa vikokotoo visivyo vya kuprogramu. Hiki kitabaki kwenye begi, na begi litabaki nje.

Ukiwa na laptopu mezani, andika Python, hamishia kwa waya, furahia kasi. Mimi programu zangu zinazaliwa kwenye daladala na hapa juu ya mawe, kwa hiyo BASIC. Wiki ijayo naileta ile inveta ya sola mliyoiomba, jiunge na chaneli, gonga kengele. Baba mdogo, nirudishie basi. Baba mdogo? Amebadilisha 19 ameweka 18.