Kufunika upya boksi la spika ya zamani: stika ya vinili (plastiki) au vinia ya mbao?
Mi nakwambia mapema niko upande wa vinia. Stika ni rahisi kweli, unabandua karatasi ya nyuma unabandika huku unasukuma hewa na kadi ya plastiki, kona ikigoma unaipuliza na draya inalainika, jioni umemaliza. Ila kila kishimo usichoziba kinaonekana. Vinia ni mbao halisi, nyembamba kama milimita 0.6 hivi, inataka msasa, gundi ya kontakti pande zote mbili, kwenye vinia na kwenye boksi, usubiri mpaka isishike kidole, na ikigusana ndo imetoka hiyo, hairudi (niliwahi kuibandika imepinda nikabaki naiangalia tu). Lakini ikikwaruzika unapitisha msasa laini na mafuta, stika ikichanika unaanza upya. Alafu toa spika kwenye boksi kwanza, vumbi likiingia kwenye koili (ule waya uliozungushwa ndani ya spika) utasikia inakwaruza.