Canva kwa biashara mpya: nzuri sana, ila kwenye logo kuwa makini

Jamani kama ndo unaanza biashara na hela ya kumlipa dizaina huna, Canva, ile app ya kudizaini, itakubeba kweli. Ipo tangu 2013, inakubali kwenye simu na kwenye kompyuta, na hata ile ya bure unatengeneza posti, bango, kadi za biashara, yaani mtu ambaye hajawahi kudizaini chochote anatoka na kitu cha kueleweka kabisa.

Mi nnachoipendea zaidi ni rangi. Kila rangi ina code yake (namba ya kuitambulisha) inayoanza na #, iandike mahali utumie hiyo hiyo kila sehemu, kwenye vifungashio, kwenye profaili, kwenye risiti, maana jicho la mteja linazoea, sasa leo kijani hiki kesho kijani kingine unamchanganya bure.

Logo sasa. Zile templeti, yaani dizaini zilizotengenezwa tayari, zinatumiwa na watu kibao dunia nzima, na masharti ya Canva wenyewe yanasema logo ya templeti huwezi kuisajili kama alama ya biashara, sababu sio yako peke yako. Bora uitengeneze mwenyewe kwa maumbo ya kawaida, mistari na maandishi, hata ikiwa simpo sana haina shida. Halafu faili la SVG, lile unaloweza kulikuza likajaa ukuta mzima na bado liko kali, ni la wanaolipia tu, kwa hiyo kama una kibao kikubwa cha kuprinti lipia mwezi mmoja, pakua kila unachohitaji, ndo usitishe.