Malwarebytes ya Android: inasafisha simu vizuri, ila jua inapoishia

Wadau habari zenu, leo naongelea Malwarebytes, programu ya kutafuta na kufuta virusi, kwenye simu za Android, maana kila siku naona watu wanaulizana simu imekuwa nzito, matangazo yanatokea yenyewe hata hujafungua kitu, bando linaisha usiku umelala, na jibu wanalopewa ni lile lile, peleka kwa fundi akaiflashi, yaani aifute yote na kuiwekea mfumo upya. Jamani kuflashi iwe ya mwisho kabisa. Mi hii programu nimeitumia muda sasa kwenye simu yangu na za ndugu wanaoniletea, nasema wazi ni nzuri na toleo la bure linawatosha watu wengi, ila kuna vitu haiwezi na watu hawaambiwi.

Kwanza ichukue Play Store tu, usikubali faili la APK, yaani faili la kuwekea programu, ulilotumiwa WhatsApp. Nalisisitiza hili kwa sababu antivirusi za uongo zimejaa. Mwaka 2019 maabara ya AV-Comparatives ya Austria ilizipima antivirusi 250 za Android kwa programu mbaya 2,000, zilizokamata zaidi ya asilimia 30 bila kuzisingizia programu safi zilikuwa 80 tu. Nyingine hata haziskani chochote, zina orodha ya majina zinazoyaamini na chochote kisichokuwemo zinakiita hatari, mpaka baadhi zikajitaja zenyewe kuwa hatari kwa sababu aliyezitengeneza alisahau kujiweka kwenye orodha! Kwa hiyo ukiona tangazo linakwambia simu yako ina virusi bonyeza hapa usafishe, funga huo ukurasa, usibonyeze kitu.

Simu iliyonifanya niiamini ni ya shangazi yangu, anauza vitenge na biashara yake yote iko kwenye status za WhatsApp. Kuna mtu alimwekea zile WhatsApp za kuongezewa vikorombwezo, za kuona meseji zilizofutwa na kuficha kuwa uko mtandaoni. Baada ya hapo matangazo yanajaa kioo kizima, salio akiweka linakatwa kwa huduma ambazo hajawahi kujiunga. Nikaweka Malwarebytes, nikaiskani, ikaitaja ile WhatsApp pamoja na programu moja ya tochi, tukafuta zote mbili, tukarudisha WhatsApp halali na ile kero ikaisha.

Na hizo WhatsApp sio bahati mbaya ya shangazi peke yake. Mwezi wa nane 2021 Kaspersky, kampuni ya kupambana na virusi, waliikuta Triada, kirusi cha Android, ndani ya FMWhatsApp, moja ya hizo WhatsApp, imeingia kupitia kipande cha programu cha kuonyeshea matangazo, ikishakaa inashusha vidudu vingine vinavyoweza kukuunganisha na huduma za kulipia bila wewe kujua. 2022 wakaikuta tena kwenye YoWhatsApp. Na usidhani Play Store ni salama moja kwa moja, kuna familia ya virusi inaitwa Joker ambayo kazi yake ni hiyo hiyo ya kukuunganisha na huduma za kulipia, Google walitangaza Januari 2020 kwamba tangu 2017 walishaondoa programu zake 1,700. Ndo maana salio linaloondoka kimya kimya mi nalihesabu ni dalili kubwa kuliko simu kupata moto, simu inapata moto kwa sababu nyingi tu.

Kitu ninachokipenda sana ni majina inayoyatoa kwenye majibu, yasome usibonyeze tu futa. Likianza na Android/Trojan hiyo ni ya kutoka saa hiyo hiyo. Adware ni ya matangazo. PUP ni programu ambayo sio lazima iwe mbaya ila ina tabia za kutia shaka, hapo angalia ni kitu gani na ulikiweka mwenyewe au la. Ukiona Monitor hapo tulia kwanza, hiyo ni ya kumpeleleza mtu, mara nyingi anaiweka mtu wa karibu aliyeishika simu yako, mume, mke au mchumba. Malwarebytes ni kati ya waliouanzisha umoja wa kupambana na programu za aina hiyo Novemba 2019 kwa hiyo wanalichukulia kwa uzito. Dada zangu hasa naomba mnisikie hapa, ukiifuta ghafla aliyeiweka atajua, kama ni mtu mwenye fujo tafuta kwanza mtu wa kukusaidia, ongea naye kwa simu nyingine, ndo ufute.

Sasa inapoishia. Android haimruhusu antivirusi kuingia ndani ya programu nyingine, kwa hiyo Malwarebytes inaangalia tu programu zilizopo na mafaili yake na kulinganisha na inayoyajua. Kama kidude kimejipa mamlaka ya msimamizi wa simu, kitufe cha kuondoa hakifanyi kazi. Nenda setingi, tafuta sehemu ya wasimamizi wa kifaa, kitoe hapo kwanza. Ikigoma washa simu kwa Safe Mode, kwenye simu nyingi unabonyeza kitufe cha kuzimia halafu unakandamiza pale palipoandikwa Power off mpaka ikuulize. Humo programu ulizoziongeza hazifanyi kazi, hata Malwarebytes yenyewe haifunguki, kwa hiyo uwe umeshaliandika jina la kile kidude, unakifuta kwa mkono.

Na kama kimo kwenye mfumo wa simu wenyewe, Malwarebytes itakionyesha ila haiwezi kukitoa, labda ukizime. Kuna kirusi kinaitwa xHelper kilisumbua sana, ilianza kuonekana 2019, mtu anarudisha simu kama ilivyotoka kiwandani halafu inarudi. Watu wa Malwarebytes Februari 2020 waligundua njia, unaizima Play Store kwa muda, unaskani, unafuta mafolda yanayoanza na com.mufc, ndo unaiwasha tena. Aprili Kaspersky wakaeleza kuwa chanzo ni Triada iliyojichomeka kwenye mfumo. Mwaka huo huo Upstream, kampuni ya usalama wa simu, wakaripoti kuwa xHelper na Triada zimekutwa kwenye simu za Tecno W2 zilizouzwa Ethiopia, Cameroon, Misri, Ghana na Afrika Kusini, kampuni ikasema ni mtu wa kati kwenye mnyororo wa usambazaji. Simu ya aina hiyo ndo ya kupeleka kwa fundi, tena mwambie akuwekee mfumo rasmi wa modeli yako.

Jambo lingine, toleo la bure linaskani pale unapoiambia tu. Ulinzi wa muda wote ni wa kulipia, wanakupa siku za majaribio, na kama hutaki kuendelea nenda kasitishe kwenye malipo ya Play Store kwa sababu kuifuta programu hakusitishi makato. Kwa mtu wa kawaida mi sioni haja ya kulipia, ulinzi wa muda wote upo bure tayari, ni Play Protect, imo kwenye simu yoyote yenye Play Store tangu 2017. Gusa picha yako juu, ingia Play Protect, hakikisha imewashwa. Ndugu zetu wa Kenya walikuwamo hata kwenye nchi za mwanzo ambazo Google walijaribu kinga iliyoanzia Singapore Februari 2024, inazuia programu iliyotoka kwenye brauza au WhatsApp ikiwa inataka kusoma SMS, notifikesheni au kutumia aksesibiliti, ile huduma ya kuwasaidia wenye ulemavu kutumia simu. Hizo ruhusa ndo mwizi anazitaka, ile namba ya kuthibitisha WhatsApp inakuja kwa SMS, na aksesibiliti inasoma kioo chote na kubonyeza kwa niaba yako. Tochi inataka SMS za nini? Na programu yoyote ambayo maelekezo yake yanaanza na zima Play Protect kwanza, achana nayo hata kama aliyekutumia ni rafiki.

Naipa nyota nne kati ya tano, kama kifaa cha kusafishia, sio mlinzi wa getini.

Wa iPhone msiipakue mkitegemea iskani virusi, Apple hawaruhusu programu kuangalia nyingine. Yale maneno ya simu yako imedukuliwa yanayokuja kama miadi mara nyingi ni kalenda uliyojiunga nayo kwa kubonyeza kitu kwenye brauza. Fungua kalenda, ingia kwenye orodha ya kalenda, gusa ile alama ya i pembeni ya usiyoijua na ujitoe.