Kupiga kura na kupigiwa kura: Nyuzilandi na Ufini

Mnamo Septemba 1893 wanawake wa Nyuzilandi, Wamaori wakiwemo, walipata haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa bunge. Kate Sheppard, aliyeongoza harakati za kuidai haki hiyo, na wenzake walikuwa wamegundisha karatasi za sahihi za waliounga mkono dai hilo moja baada ya nyingine, wakazizungusha kwenye kipande cha mpini wa ufagio. Zilipokunjuliwa bungeni, zilienea ukumbi mzima. Hata hivyo, sheria ile ilimpa mwanamke karatasi ya kura tu, kwani haki ya kugombea ilisubiri hadi 1919, na mbunge wa kwanza mwanamke, Elizabeth McCombs, alichaguliwa 1933, miaka 40 baada ya kura ya kwanza.

Ufini, iliyokuwa bado chini ya dola la Urusi, ilichelewa kuanza lakini ilitoa haki zote mbili kwa pamoja mwaka 1906, kufuatia mgomo mkuu wa 1905. Katika uchaguzi wa 1907 wanawake 19 waliingia katika bunge la viti 200. Mmoja wao, Miina Sillanpää, aliwahi kuwa mtumishi wa nyumbani, na mwaka 1926 akawa waziri.

Sipunguzi hata chembe ushujaa wa Nyuzilandi, iliyotangulia bila mfano wa kuiga. Lakini kwa maoni yangu njia ya Ufini ndiyo iliyoukamilisha uraia, kwa sababu anayeruhusiwa kuchagua tu huendelea kusemewa na wengine, hata katika sheria za ndoa yake, ujira wake na watoto wake.